Mume wa Kwenye Fomu

Vumilia Magesa hakuipenda benki yake hata siku moja, na alikuwa nayo mwaka wa saba sasa.

Katoro si mji wa watu wanaong'ang'ania kitu. Wakisikia kuna shimo limetema dhahabu upande wa Bulyanhulu, asubuhi godoro limefungwa juu ya pikipiki, na jioni mtu ana marafiki wapya na jina jipya. Wanabadili laini za simu, wanabadili makanisa, na wengine wanabadili hata timu ya mpira baada ya kufungwa mara tatu mfululizo. Lakini mwulize kijana yeyote pale sokoni kwa nini hajaihama benki inayomkata hela kila akigeuka, atakutazama kana kwamba umemwuliza kwa nini hajabadili mgongo.

Vumilia alikuwa amejaribu. Mara ya kwanza alimwendea wakala wa Benki ya Mhimili, mwenye kibanda cha rangi ya machungwa karibu na stendi. Wakala akamwambia, "Dada, mimi nimefundishwa kuweka na kutoa. Kufunga sijafundishwa." Mara ya pili alipiga namba ya huduma kwa wateja, akapigiwa kinanda mpaka salio la simu likakata, kinanda kikiwa bado kinaendelea. Mara ya tatu alipanda gari hadi Geita, akakaa kwenye foleni tangu asubuhi, na alipofika dirishani akaambiwa kwamba Akaunti ya Chipukizi hufungwa palepale ilipofunguliwa. Yake ilifunguliwa Shinyanga, siku alipoanza chuo cha ufundi akiwa na miaka kumi na tisa. Akarudi Katoro, akaendelea kukatwa.

Kazi yake ilikuwa kushona ovaroli za wachimbaji. Mikono alikuwa nayo, cherehani alikuwa nacho. Kilichokosekana ni ovaloki, ile mashine inayoziba kingo za kitambaa zisifumuke. Ovaroli isiyopigwa ovaloki hushuka shimoni ikiwa nguo na hupanda ikiwa nyuzi. Kwa hiyo kila aliposhona, alibeba mzigo kichwani hadi kibanda cha tatu kwa Fredy, fundi pekee wa mtaa ule mwenye mashine hiyo, na Fredy aliitumia kama mwenye kisima wakati wa kiangazi.

"Dada Vumi, leo mashine imepumzika."

"Mashine inapumzikaje saa nne asubuhi?"

"Jana ililala vibaya. Rudi kesho, na uje na chai."

Basi mwezi huo Benki ya Chemchemi ikafungua tawi ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na kibanda cha Vumilia. Waliweka hema, spika mbili, na binti mmoja mchangamfu aitwaye Noela aliyevaa fulana ya bluu. Vijana ishirini wa kwanza wenye biashara zao watapewa mashine kwa mkopo, Noela alitangaza, na kwenye kona ya hema, chini ya turubai la nailoni, ilionekana ovaloki mpya. Vumilia alivuka barabara akiwa na futi ya kupimia shingoni.

"Masharti mawili tu, dada," alisema Noela. "Ufungue akaunti kwetu, na ulete barua ya benki yako ya zamani kwamba umeifunga na hudaiwi. Mwisho Ijumaa saa nane mchana."

"Wamebaki wangapi?"

"Ukija na barua, wewe ni wa ishirini. Usipokuja, kuna kaka mmoja hapo jirani ameniambia anataka ovaloki ya pili."

Vumilia aligeuka. Fredy alikuwa amesimama mlangoni kwake, akimpungia mkono.

Ilikuwa Jumanne. Jumatano alfajiri alikuwa ndani ya basi la kupitia Ushirombo na Kahama. Kwenye mkoba alikuwa na kila karatasi ambayo binadamu anaweza kuombwa: kitambulisho cha taifa, kadi ya benki, barua ya serikali ya mtaa yenye mhuri, picha sita za pasipoti, nne za rangi ya bluu na mbili nyeupe kwa tahadhari. Basi lilipopita Tinde alitazama dirishani kuelekea kijiji cha babu yake, akajisemea atawasalimia akirudi.

Tawi la Shinyanga lilimpa namba themanini na nne wakati ubao unaonyesha hamsini na moja. Alipokuwa akisubiri, wafanyakazi watatu kwa zamu walikuja kumwuliza kwa nini anaondoka, kwa sauti ile ya mawifi waliotumwa kumrudisha bibi harusi. Wa kwanza alimpa kalenda. Wa pili alimpa kofia. Wa tatu hakuwa na cha kumpa, akamwuliza, "Lakini tumekukosea nini?" Vumilia alikaribia kuomba radhi.

Hatimaye akaitwa kwenye meza ya afisa mmoja mwenye miwani na tai iliyofungwa kwa uangalifu. Kibao kilisema anaitwa Onesmo.

"Barua ya serikali ya mtaa?"

"Hii hapa."

"Kadi?"

"Hii."

"Ada ya kufunga?"

"Hii."

Onesmo alionekana kupungukiwa. Akabonyeza kompyuta, akasoma, akainua macho na kutazama nyuma ya Vumilia kana kwamba kuna mtu anapaswa kuwa amesimama pale.

"Mumeo umemwacha nje?"

"Mume gani?"

"Akaunti ya Chipukizi ina mdhamini, dada. Mdhamini ndiye anayesaini ifungwe. Wako ni mumeo."

"Kaka, mimi sijaolewa."

Onesmo, kwa upole wa mtu aliyeona mengi kwenye ndoa za wateja, akageuza kioo cha kompyuta. Jina la mteja: Vumilia Magesa Masalu. Hali ya ndoa: ameolewa. Mdhamini: Stanslaus Masalu. Uhusiano na mteja: mume.

Vumilia alisoma mara mbili. Kisha alicheka, akaona Onesmo hacheki, akaacha.

"Huyu ni babu yangu! Baba yake baba!"

Kwenye foleni mama mmoja akasema, "Yesu wangu," na kusogea hatua moja mbele ili asikie vizuri.

Jambo lenyewe halikuwa la ajabu kwa mtu yeyote wa kule. Babu na mjukuu wa kike ni watani. Tangu siku anayozaliwa, babu humwita mke wangu, humlalamikia kwamba hampikii, na bibi humwita mke mwenzangu na kutishia kumrudisha kwao. Nani asiyejua hilo? Ila mzee Stanslaus Masalu alikuwa na msimamo wake. Utani kwake ukishaanza haukatizwi mbele ya mgeni. Kuukatiza ilikuwa sawa na kumbeba mtu mgongoni na kumbwaga katikati ya mto. Na Vumilia sasa alikumbuka: siku ile ya kufungua akaunti alitumwa nje kupiga picha za pasipoti, akamwacha babu peke yake mezani, na karani, na fomu.

"Jina la mwisho mnatumia moja," alisema Onesmo. "Wanawake wengi wakiolewa hubadili."

"Ni jina la ukoo!"

"Nakuelewa. Lakini mfumo hauelewi. Kuna mtu mzima wa familia anayeweza kuthibitisha?"

Swali hilo lilimpa Vumilia matumaini makubwa, maana alikuwepo mtu mmoja ambaye hakuna wa kumpinga: bibi yake, Melania, mke halali wa mzee Stanslaus, aliyefunga naye ndoa kanisani na ana picha ukutani. Akapiga simu, akaweka spika, akaiweka mezani katikati.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Nani?"

"Vumilia. Bibi, niko benki. Hapa kuna afisa anataka kukuuliza kitu. Mjibu tu ukweli."

Onesmo akasogea karibu na simu. "Shikamoo mama. Je, unamfahamu Vumilia Magesa?"

"Marahaba, baba. Namfahamu sana. Huyo ni mke mwenzangu."

Vumilia alifumba macho.

"Mke mwenzako, mama?"

"Ndiyo. Tena mnyang'anyi! Alikuja juzi tu, mimi nimeshachoka na mzee, yeye ananenepeshwa maziwa. Mwambie akirudi aje na kitenge, la sivyo namfukuza."

"Bibi!"

"Na mafuta ya taa!" Simu ikakatika.

Onesmo alikuwa ameshaandika mstari mzima. Vumilia aliusoma kinyumenyume: *Mke mkubwa amethibitisha.*

Hapo alikaribia kulia, na akamweleza Onesmo kila kitu: ovaloki, Fredy, chai, mashine inayolala vibaya, na Ijumaa saa nane. Akaomba fomu ile ya zamani itafutwe kwenye makabati, kwa kuwa labda babu aliandika kitu cha maana. Onesmo akaenda. Alikaa muda mrefu. Aliporudi alikuwa ameshika jalada kifuani na anatembea kama mtu aliyekanyaga mwiba kanisani. Akaketi, akatazama mlango wa meneja, kisha akashusha sauti.

"Huu mwandiko ni wangu."

Vumilia akamtazama vizuri. Ukiondoa miwani, ukiondoa kitambi kidogo, ukiondoa tai.

"Ni wewe! Ulikuwa mwembamba hivi! Hukuona kwamba mtu ni mzee?"

"Niliona. Nikamwuliza, mzee, huyu binti ni nani wako? Akasema mke wangu. Nikamwuliza tena, mke kweli? Akasema, nimemtolea ng'ombe, andika kijana. Ilikuwa wiki yangu ya pili ya mafunzo. Tulikuwa tumefundishwa tusihukumu maisha ya mteja." Akafunga jalada. "Dada, walete wote wawili kesho. Tutarekebisha. Ila waambie wasitanie."

Jioni ile Vumilia alishukia Tinde. Mzee Stanslaus aliposikia habari, alicheka mpaka kofia ikaanguka ndani ya beseni la maji ya ng'ombe. "Miaka saba!" alisema. "Serikali inajua, benki inajua, wewe tu ndiye hukujua umeolewa." Lakini Vumilia alipomweleza juu ya ovaloki, na kwamba akikosa hiyo atabaki kubeba chai kwa Fredy mpaka azeeke, mzee aliacha kucheka, akaipukuta kofia maji.

"Basi kesho sitanii."

"Hata kidogo, Babu."

"Hata kidogo. Na mwenzako?" Akamwonyesha bibi kwa kidevu.

"Bibi asiseme kabisa."

"Mimi nimesema nini?" aliuliza Bibi Melania. "Kitenge kiko wapi?"

Alhamisi saa tatu wote watatu walikuwa mbele ya Onesmo. Mzee alivaa koti la harusi za watu. Bibi alifunga mdomo wake kwa upande wa khanga ili kuonyesha kwamba anatii. Onesmo alisoma maelezo aliyoyaandika: *Mimi, Stanslaus Masalu, nathibitisha kwamba Vumilia Magesa ni mjukuu wangu na hajawahi kuwa mke wangu.* Mzee akatikisa kichwa kukubali. Onesmo akaingiza kwenye kompyuta. Kompyuta ikalia kwa hasira. Akaingiza tena, ikalia tena, na watu kwenye foleni wakaanza kunyoosha shingo.

"Haikubali," alisema Onesmo, jasho likimtoka chini ya miwani. "Aliyeolewa hawezi kurudi kuwa hajaolewa. Mfumo unasema jambo hilo haliwezekani."

"Kwa hapo mfumo una akili," alisema mzee.

"Babu."

"Zipo njia mbili. Anaweza kuwa mjane…"

"Mjane maana yake mimi nimekufa?"

"Kwenye mfumo tu, mzee wangu."

"Nilianza hivyohivyo, kwenye mfumo tu, na leo nina mke. Hapana. Nibakize hai."

"Basi inabaki hii ya pili. Ameachika. Uandike kwamba umemwacha, usaini, nifunge akaunti, nichape barua."

Kalamu ikatolewa. Mzee Stanslaus akaishika, akaitazama ncha yake, akairudisha mezani taratibu.

"Mwanamke akitoka, ng'ombe hurudi," alisema. "Hata ninyi wa benki mnajua."

Vumilia alimsogezea kalamu tena. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne kasoro. "Babu, uliahidi!"

"Niliahidi kutotania. Sitanii. Kijana, hapo nilipokwambia nimemtolea ng'ombe, nilikudanganya? Ada ya chuo cha huyu ilitoka wapi? Ni mtamba wangu mwenye baka jeupe, nilimpeleka mnadani mwenyewe, nikarudi kwa miguu ili hela ya ada isipungue. Mwaka ule ule ndio tuliokuja hapa. Mwulize."

Vumilia hakuulizwa. Alikuwa anamjua yule mtamba. Alikuwa akimkamua mamaye.

"Sasa Babu, ng'ombe nitamtoa wapi leo?"

"Nani kasema ng'ombe? Wewe ni fundi wa nini?"

"Ovaroli."

"Nataka ovaroli." Mzee akaegemea kiti kama mtu ambaye amekuwa akiisubiri siku hii tangu wiki ya pili ya mafunzo ya Onesmo. "Kama za wachimbaji. Yenye ile mistari inayowaka ikimulikwa, ili pikipiki zisinigonge na ng'ombe wangu barabarani. Mifuko mitatu. Wa tumbaku, wa simu, na wa tatu nitajua mwenyewe. Mke wa fundi, hapana, mume wa fundi hawezi kuvaa koti hili mpaka afe."

"Nakushonea! Mbili! Saini!"

"Moja inatosha. Mbili nitaonekana nina kazi."

Akasaini, herufi kubwa, akipiga mstari chini ya jina lake mara mbili. Bibi Melania akafungua khanga mdomoni.

"Hongera, mke mwenzangu. Umenitangulia kupumzika."

Baada ya hapo mtandao ulikatika, ukarudi, mashine ya kuchapa ikaishiwa wino, meneja akatoka kwenda kula na mhuri mfukoni. Onesmo alimfuata mpaka hotelini. Barua ilipatikana saa kumi. Onesmo aliikabidhi kwa mikono miwili, na Vumilia akaondoka Benki ya Mhimili baada ya karibu miaka saba, akiwa na kalenda, kofia na talaka.

Mzee Stanslaus alikataa kubaki Tinde. Fundi hapimi mtu kwa simu, alisema, na Ijumaa alfajiri akapanda basi na mjukuu wake, koti lile lile. Njia nzima alimweleza konda kwamba anasafiri kwa shughuli za benki.

Walifika hemani saa saba na dakika arobaini. Fredy alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, miguu amenyoosha, mkono juu ya turubai la ovaloki kama mtu anayepapasa ng'ombe anayetaka kumnunua.

"Dada Vumi! Nilijua hutoki kule. Nimekuja tu kumsaidia Noela asipoteze muda wake."

"Inuka hapo," alisema Vumilia.

Alimnunulia babu soda ya baridi, akamkalisha kwenye kona ya mbali, akamwomba mambo mawili: anywe polepole, na asisalimiane na mtu yeyote mwenye kalamu. Kisha akaiomba fomu ya Benki ya Chemchemi aijaze mwenyewe.

"Acha nikujazie, dada, ndiyo kazi yangu," alisema Noela.

"Hapana. Hii naijaza kwa mkono wangu. Na picha ninazo, sitoki hapa kwenda popote."

Noela akaisoma barua ya benki ya zamani, akafika katikati, sura ikalegea kwa huruma.

"Umeachika, dada? Pole jamani."

"Asante. Nimeshazoea."

"Ni muda mrefu?"

"Tangu jana."

Noela alimshika mkono kidogo, halafu macho yake yakatua kwa mzee wa koti kwenye kona, na kwa kuwa alikuwa binti mwenye adabu, akasema, "Shikamoo babu. Na wewe ni nani wake?"

Vumilia aliacha kuandika. Hema lote lilimtazama mzee. Stanslaus Masalu akautoa mrija wa soda mdomoni. Mbele yake palikuwa na mgeni, mgeni aliyeuliza kabisa kwa kinywa chake, na katika maisha yake hakuwahi kuliacha swali kama hilo lipite. Alimtazama Noela. Akamtazama Fredy, ambaye bado hakuondoa mkono juu ya turubai. Mwishowe akamtazama mjukuu wake, na kalamu ile iliyosimama hewani juu ya kisanduku cha hali ya ndoa.

"Babu yake," alisema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Mzazi wa baba yake. Basi." Akarudisha mrija haraka.

Saa nane kasoro dakika tano Noela aligonga mhuri. Vijana wawili wa toyo, zile pikipiki za mizigo, wakaibeba ovaloki kuvuka barabara, Vumilia mbele akisimamisha pikipiki kwa mikono yote miwili, mzee nyuma na chupa yake. Fredy aliwafuata hadi mlangoni mwa kibanda, uso umemshuka.

"Na huyu mzee unayemkokota ni nani?" aliuliza.

Vumilia aliangalia kwanza pande zote. Hapakuwa na fomu, hapakuwa na kalamu, na Noela alikuwa mbali anafungasha spika.

"Huyu? Ni mume wangu," alisema. "Tumeachana jana. Amekuja kudai mahari."

Mzee Stanslaus akaweka chupa chini, akavua koti, akanyoosha mikono yote miwili pembeni apimwe, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo hata siku ya mtamba kuuzwa bei nzuri hakuwa nayo.

"Mifuko mitatu," alimwambia Vumilia, kisha akamgeukia Fredy. "Na wewe, kijana, usisimame tu. Nenda ukalete chai."